Hiyo Siyo Mada, Ni Kazi Tu

Mwito wa mada za kongamano huku kwetu hufika kwa WhatsApp, umeshasambazwa mara nyingi hadi hujui nani aliutoa, na tarehe ya mwisho ni wiki ijayo. Swali la kwanza ofisini huwa si "tuandike nini" bali "nani analipa". Silibezi swali hilo, nitalifikia. Lakini kwa sababu yake walezi wengi wa wanafunzi wa Mtwara na Lindi, watu ambao kazi zao nazijua na nyingine nazionea wivu, wamebaki kuwa wasikilizaji wa mada za wenzao wa Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Tena hao ni wale waliobahatika kwenda.

Mimi ni mlezi wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Nimewasilisha mada kwenye makongamano ya ndani, nimewasilisha kwa njia ya mtandao kwenye kongamano la nje, na kwa misimu kadhaa nimekaa upande wa pili wa meza, nikisoma maandiko ya wenzangu ya kuomba kuwasilisha mada na kuyapa alama. Upande huo wa pili ndio ulionifundisha. Mpitiaji husoma usiku, watoto wameshalala, halipwi kitu, na mbele yake kuna rundo. Jina la mwandishi limefutwa, kwa hiyo cheo chako hakikusaidii. Anasoma kichwa cha mada, anasoma sentensi mbili tatu, na tayari moyo umeshaelemea upande mmoja. Kinachobaki ni kutafuta sababu za kujaza kwenye kisanduku cha maoni.

Na katika rundo lile kuna andiko linalojirudia utadhani waandishi wote wamekaa meza moja: "Changamoto zinazowakabili wanafunzi wa elimu ya juu nchini Tanzania na namna ya kuzitatua." Ndani yake mna mikopo, malazi, ajira, afya ya akili, mitandao ya kijamii, mavazi, na mwisho mapendekezo kwa Serikali. Hakuna uongo humo. Ila ukimaliza kulisoma hujui mwandishi anafanya kazi wapi, amewahi kujaribu nini, na akipewa chumba chenye watu kwa saa moja atawafanyia nini. Siku hizi limeongezeka la aina nyingine, lililoandikwa na akili unde: Kiingereza kimenyooka, aya zote zina uzito uleule, na hakuna hata sentensi moja ambayo ungeapa kuwa imetoka Newala na siyo Nairobi. Hilo nalo wapitiaji wameshalizoea, hawafiki aya ya pili kabla ya kulitambua.

Matroni wa hosteli yetu ya wasichana aliniletea andiko la namna ile ya kwanza alipoamua naye kujaribu. Lilihusu umuhimu wa afya kwa maendeleo ya kitaaluma ya mwanafunzi wa kike. Nikalisoma, nikamuuliza, "Dada, mwanafunzi akiumwa usiku unafanyaje?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda nyumbani kwake.

Halafu akaeleza. Chuo hakina gari la wagonjwa, na gari la mkuu wa chuo likiwa safarini hakuna gari kabisa. Zamani binti akizidiwa saa nane za usiku, wenzake walimbeba hadi getini, mlinzi akasimamisha bodaboda yeyote anayepita, na matroni akapata habari asubuhi. Yeye akaenda kijiweni, pale madereva wanapopaki karibu na geti, akakaa nao. Akachagua wenye leseni na ambao mwenyekiti wa kijiwe anawajua makwao. Majina yao na namba za simu ziko kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa kwa gundi ya karatasi ukutani kwa mlinzi, kwa mwandiko wake mwenyewe, wa bajaji upande wa kushoto na wa pikipiki upande wa kulia. Namba moja imekatwa kwa kalamu nyekundu: mwenye nayo alizima simu usiku akiwa kwenye zamu. Mgonjwa asiyeweza kukaa mwenyewe hapandishwi pikipiki, anaitiwa bajaji. Haendi peke yake, mwenzake wa chumbani anaambatana naye. Mlinzi anaandika kwenye daftari saa waliyotoka na namba ya chombo. Nauli inatoka kwenye fedha ndogo anazotunza matroni kwenye kopo, na serikali ya wanafunzi inazirudisha mwisho wa mwezi. Picha za kadi za bima za wanafunzi wake wote zimo kwenye simu yake, maana binti mwenye homa kali hakumbuki kubeba kadi.

"Sasa hiyo ndiyo mada," nikamwambia.

"Hiyo siyo mada, mlezi. Hiyo ni kazi tu."

Tulibishana kidogo. Hoja yake ilikuwa kwamba kwenye kongamano watu wanataka kusikia utafiti, na yeye hajafanya utafiti, amebandika karatasi ukutani. Mimi nilimuuliza ni vyuo vingapi anavyovijua ambavyo vina hosteli na havina gari usiku. Akaanza kuvitaja, akaishia njiani mwenyewe, akacheka. Jioni ile tuliandika kichwa kipya: "Saa nane usiku mwanafunzi anaumwa: usafiri wa dharura kwa hosteli isiyo na gari." Mpitiaji anayefanya kazi hosteli akikutana na kichwa hicho lazima akae sawa kwenye kiti, kwa sababu usiku huo anaujua.

Andiko lilipokwenda, mpitiaji mmoja alilipa alama za juu, mwingine akaandika: "Nadharia iko wapi?" Hapa nina la kusema. Nadharia kwenye maandiko yetu mara nyingi ni kiraka. Mtu anamaliza kuandika, anakumbuka kuwa wanapenda nadharia, anamchomeka Maslow na ngazi zake za mahitaji za mwaka 1943, anaendelea na safari. Nimesoma maandiko mengi ambayo ukimtoa Maslow hakuna kinachopungua. Kwa matroni tulitafuta kitu ambacho kweli kinaeleza kazi yake. Nancy Schlossberg, mtaalamu wa ushauri wa Marekani, aliandika mwaka 1989 kuhusu mwanafunzi kujihisi kwamba ana umuhimu kwa mtu fulani pale chuoni, na kinyume chake, kujihisi yuko pembeni. Binti wa mwaka wa kwanza aliyetoka Nanyumbu au Liwale, hajui mtu mjini, na anajua kuna namba itakayopokelewa usiku, hiyo ndiyo maana yake. Sentensi mbili zikatosha. Kwa anayetafuta maandishi ya Kiafrika badala ya kuazima ya Marekani kila mara, lipo jarida la masuala ya wanafunzi barani Afrika, la Kiingereza, limekuwa likitoka tangu 2013 na kulisoma ni bure. Walezi wengi huku hawajui kuwa lipo.

Kesi nyingine ni ya kwetu wenyewe, mimi na mhasibu wa chuo. Hii nitaikalia zaidi, kwa sababu iligusa kitu ambacho mtu wa kusini hahitaji kuelezwa na mtu wa kwingine hawezi kukikisia.

Mwaka wa masomo unafunguliwa Oktoba au Novemba. Ada, au angalau sehemu yake, inadaiwa wakati wa usajili. Korosho nazo minada yake inaanza Oktoba. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada wa chama kikuu cha ushirika, iwe MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, mnunuzi analipa, makato yanatolewa, ndipo fedha inaingia kwenye akaunti ya mkulima. Kati ya kuokota korosho na kushika noti muda unapita. Mzazi wa Tandahimba mwezi huo ana mali, hana fedha. Mtoto wake kama yuko ngazi ya cheti, mkopo wa Serikali haumhusu. Kama yuko stashahada, mikopo ya ngazi hiyo ilianza 2023/2024 kwa fani chache tu za kipaumbele. Na hata wa shahada wengi hupata asilimia fulani, iliyobaki ni ya mzazi.

Sasa mzazi huyo apelekewe barua ya chuo mwezi Septemba kwamba asiyelipa hasajiliwi. Mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, yuko mlangoni. Anatoa taslimu leo, na korosho atazichukua zikikomaa, kwa bei ya kutupa. Kila msimu mamlaka zinakemea na kukamata, na kila msimu kangomba ipo, kwa sababu shida ya fedha ya Septemba ipo. Ada inalipwa. Chuo kinafurahi. Familia imeuza mavuno kabla ya mnada, na mdogo mtu aliyekuwa ajiunge mwakani anaambiwa asubiri.

Kwa miaka mingi mimi nilikuwa nakutana na mwisho wa hadithi hiyo: mwanafunzi anayelia ofisini Januari kwa kuwa hana kibali cha kuingia mtihani, au aliyetoweka bila kuaga. Mhasibu alikuwa anakutana na mwanzo wake: mzazi dirishani, ana karatasi ya chama cha msingi mkononi, anaomba apewe muda. Tulipokaa pamoja na kalenda mezani ndipo tukaona kwamba ni hadithi moja. Kilichofuata ni utaratibu mdogo. Mzazi anasaini fomu, anaambatisha nakala ya stakabadhi inayoonyesha kilo alizopeleka, mwanafunzi anasajiliwa kwa kiwango cha chini, salio linagawanywa mara mbili, moja baada ya minada ya kwanza, nyingine kabla ya mitihani ya muhula. Mimi nabaki na orodha, na kila wiki nampigia simu aliyechelewa, siyo kumdai bali kuuliza mnada wao umefika wapi.

Utaratibu ulikuwa na mashimo yake, na tuliyaandika yote kwenye andiko. Kulikuwa na stakabadhi moja iliyotolewa nakala na kuletwa na wanafunzi wawili wasio ndugu. Kulikuwa na watoto wa wavuvi wa Msimbati waliouliza, kwa haki kabisa, kwa nini korosho inapewa muda na samaki hapewi. Na kuna misimu ambayo kalenda yote inahama: Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima, na wazazi wengi wakasubiri kuliko walivyozoea. Mwenzangu alitaka tuyafiche haya, aliogopa tutaonekana hatujui tunachofanya. Nikamwambia, ninaposoma andiko lisilo na shimo hata moja huwa najiuliza kama kazi yenyewe ilifanyika.

Lakini andiko lilirudi na swali ambalo nililiona la haki: "Hii ni ya wakulima wa korosho. Msikilizaji wa kwingine atapata nini?" Usiku huo nilikereka, ila asubuhi nikaona mpitiaji ana hoja. Pamba ya Shinyanga ina msimu wake. Kahawa ya Kagera ina wake. Tumbaku ya Urambo vilevile. Tulichokuwa nacho mkononi hakikuwa korosho, kilikuwa kalenda. Ndipo tukatengeneza karatasi moja tupu yenye miezi 12 na mistari miwili: juu, miezi ambayo chuo kinadai fedha, chini, miezi ambayo fedha inaingia kwa wazazi wa eneo lako. Msikilizaji anaijaza mwenyewe palepale chumbani, na pale mistari inapokosana anaona wanafunzi wake wanapoanguka. Karatasi hiyo ndiyo iliyobeba mada. Korosho ikabaki kuwa mfano wetu, tena mfano mzuri, kwa sababu umeelezwa hadi kilo na stakabadhi.

Fomu nyingi za kutuma andiko zina sehemu inayoanza na maneno "baada ya kipindi hiki mshiriki ataweza..." Zile za Wamarekani, ambao vyama vyao vya taaluma hii ni vikongwe, NASPA tangu 1919 na ACPA tangu 1924, hutaka pia uonyeshe mada yako inagusa eneo gani kati ya maeneo 10 ya umahiri ambayo vyama hivyo viwili viliyapanga upya mwaka 2015. Watu huku huijaza sehemu hii dakika ya mwisho: mshiriki "ataelewa", "atafahamu", "atapata uelewa mpana". Mpitiaji hana namna ya kujua mtu ameelewa. Kujaza kalenda kunaonekana. Kuandika orodha ya madereva watano wa kuanzia nao kunaonekana. Ukishindwa kuijaza sehemu hiyo kwa kitendo kinachoonekana, afadhali urudi nyuma, maana mada bado haijapatikana, kuna maneno tu.

Mgawanyo wa saa nao hausemwi vya kutosha. Ukipewa dakika 60, dakika tano zinakwenda kwa watu kuingia na kumtafuta fundi wa projekta. Robo saa ya mwisho ni ya maswali, na ni haki ya watu. Inabaki dakika 40. Andiko linaloahidi mapitio ya maandishi, mbinu, matokeo, mazoezi ya vikundi na mjadala wa jopo kwenye dakika 40 halikuandikwa na mtu aliyewahi kuongoza chumba. Mimi huandika dakika kabisa: kumi za kueleza hali, kumi za kueleza tulichofanya, kumi na tano za karatasi, tano za kusikilizana. Wapitiaji wanapenda kuona hivyo, nami napenda zaidi kwa sababu siku ya kusimama sibabaiki.

Kuna jambo moja ambalo ninalisimamia kwa ukali hata na marafiki. Kazi yetu imejaa siri za watu, na Mtwara ni mji mdogo. Ukiandika "mwanafunzi wa kike, mwaka wa pili, anatoka kijiji fulani Tandahimba, aliyepata ujauzito na kufukuzwa na shangazi yake aliyekuwa akikaa naye Magomeni", hujataja jina lakini umemtaja. Ukumbini atakuwepo mtu wa kwao, na kama hayupo, picha ya slaidi itafika kwenye kundi la WhatsApp kabla hujashuka jukwaani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni kati ya zile inazozikinga zaidi. Hata bila sheria, binti huyo alikuja ofisini kwako akilia, hakuja kuwa mfano. Ninaondoa kijiji, mwaka wa masomo, ndugu, mtaa. Ikibidi nichanganye visa vitatu kuwa kimoja, nasema wazi kwenye andiko kuwa nimechanganya. Na kama kisa hakisimami bila ya vitu hivyo, nakiacha. Patroni mmoja alinikasirikia kwa hili, akaona nimemharibia mada tamu. Bado tunasalimiana.

Daftari ndilo silaha ya maskini kwenye shughuli hii. Vyuo vikubwa vina ofisi za takwimu. Sisi tuna daftari la mapokezi, lile kubwa lenye jalada gumu. Kwangu lina safu tano: tarehe, mwaka wa masomo, shida, imepelekwa wapi, imeishaje. Safu ya mwisho ndiyo wengi hawana. Wanaandika mwanafunzi aliyeingia, hawaandiki aliyetoka na nini. Ukikaa na safu hiyo kwa miaka miwili mitatu, una ushahidi ambao mpitiaji wa popote atauheshimu, bila dodoso wala programu yoyote ya kompyuta.

Kuhusu kutuma, nitasema la Mei 2024 tu. Mwanzoni mwa mwezi ule kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, mabasi yakakwama maeneo ya Somanga. Kabla hatujapumua, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Tulikuwa na maandiko matatu ya kutuma kutoka kusini wiki iliyofuata. La matroni lilishakwenda, kwa sababu yeye hutuma kitu kikikamilika, hangoji tarehe. Mengine mawili tulihangaika nayo usiku kucha, ukurasa ukifunguka nusu na kugoma. Waandaaji waliongeza muda, lakini hakuna aliyekuwa na uhakika kuwa wangeongeza.

Saa pia zina mitego yake. Fomu ya Marekani ikisema mwisho ni saa 5:59 usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani, huku kwetu ni asubuhi ya siku inayofuata: saa 12:59 wakiwa kwenye majira yao ya kiangazi, saa 1:59 wakiwa kwenye majira ya baridi. Nimeona watu wamekata tamaa usiku wakidhani muda umeisha, kumbe wana hadi chai ya asubuhi.

Sasa nani analipa. Ukweli ni kwamba kukubaliwa si tiketi. Kwenye makongamano mengi mtoa mada anajisajili na kulipa kiingilio kama wengine, na fomu inakutaka ukubali hilo kabla ya kutuma. Kwa safari ya Dodoma kutoka Mtwara unahesabu basi la kwenda Dar es Salaam, kulala, basi au treni, malazi, na kurudi. Kwa Marekani kuna na ada ya viza, ambayo hairudi hata ukinyimwa. Kwa hiyo mimi huanza na dokezo kabla ya andiko. Naandika ukurasa mmoja kwa mkuu wa chuo: kongamano gani, mada gani, gharama kiasi gani, na chuo kitarudishiwa nini. Mkuu asiyejua kitu halafu aletewe barua ya kukubaliwa na ankara siku moja, atasema bajeti imepita, na atakuwa hajakosea. Mwenzangu mmoja wa Lindi amechagua njia nyingine: anaandikia vipindi vya mtandaoni peke yake. Anasema anakosa mazungumzo ya kwenye chai, ambako mambo ndiko yanakosemwa, lakini hadaiwi na mtu.

Na kukataliwa kupo. Maoni ya wapitiaji mimi nayasoma mara moja, nayafunga, nayarudia baada ya siku kadhaa hasira zikishatulia. Maoni mawili yakipingana, naangalia kama wote wawili walisoma sentensi moja kwa namna tofauti. Mara nyingi sentensi hiyo ndiyo yenye tatizo. Andiko lililokataliwa haliozi. La kalenda lilipelekwa tena kongamano jingine, likiwa na karatasi yake, likapita.

Matroni naye alipita. Siku ya kuwasilisha alileta manila yenyewe, ameikunja kwenye mfuko wa plastiki, akaibandika ubaoni badala ya slaidi. Hakumaliza kueleza maana ya namba iliyokatwa kwa wekundu kabla mikono haijaanza kunyooshwa. Mlezi mmoja wa chuo cha kanda ya ziwa aliuliza ni nani anapokea simu siku matroni mwenyewe anapokuwa likizo. Matroni akasema hajui, labda simu inaita tu. Aliporudi ndipo alipomfundisha msaidizi wake, na swali hilo sasa limo kwenye toleo jipya la mada yake.

Mwaka huu tunaandaa jopo la watu watatu kuhusu fedha na usalama wa wanafunzi kwenye vyuo vidogo: yeye, mimi na mhasibu. Tumeshaandika kichwa, tumegawana dakika, dokezo liko masijala. Kilichotuchelewesha ni mhasibu, aliyesema kwamba yeye si mtu wa wanafunzi, ni mtu wa vitabu vya hesabu, na kukaa dirishani kupokea stakabadhi za wazazi hakuwezi kuitwa taaluma. Matroni ndiye aliyemjibu, tena kwa ukali kuliko nilivyotegemea. Amekubali, kwa sharti kwamba yeye ataongea Kiswahili na atakayetaka Kiingereza ajitafutie mkalimani.